Timazi Haihitaji Umeme

Tbilisi, mwaka ule wa giza,
umeme ulikuja kwa muda wa saa mbili kwa siku,
nazo hazikuwa na miadi.
Idara ya fizikia, orofa ya tatu:
mitambo imelala, oskiloskopu imefunikwa shuka
la kitanda cha mtu,
wino umeganda kalamuni.

Mwalimu Tsisana akaingia na makoti mawili mwilini,
la juu la marehemu mumewe,
akatoa mfukoni uzi na tufe la chuma.
"Timazi haihitaji umeme," akasema,
pumzi yake ikifuka kama chai
ambayo hatukuwa nayo.

Mwezi wa tisa tulikuwa kumi na mmoja.
Kufikia theluji ya pili, wanne.
Badri anauza mafuta ya taa kwa chupa kando ya daraja,
Mzevinari yuko Saloniki analea watoto wa watu.
Wengine hawakuaga,
viti vyao tukavitia jikoni kimoja kimoja,
na Vazha alikuwa akisoma jina lililochongwa mgongoni mwa kiti
kabla hajakipasua.

Kwenda na kurudi, moja.
Kwenda na kurudi, mbili.
Saa tuliyotumia ni ya babu yake Vazha, ya kutia ufunguo,
inachelewa dakika nne kwa siku;
tukauingiza uchelewaji wake kwenye hesabu,
kama unavyomsubiri mgeni unayemjua tabia.
Tukapata tisa nukta tisa moja.
"Ni baridi," Vazha akasema. "Uzi umesinyaa."
"Usiitwike baridi lawama usiyoipima."

Mama alishika foleni ya mkate tangu saa kumi alfajiri,
namba yake imeandikwa kwa wino kiganjani,
mia mbili na sita.
Jioni huniuliza:
hiyo fizikia yenu, inapakwa juu ya mkate?
Sikuwa na jibu.
Nami nilikuwa na namba kiganjani,
na yangu ilikuwa na kosa.

Kesho yake, kwa mshumaa, niliona.
Tulikuwa tumepima uzi hadi chini ya tufe,
hadi kwenye kitako chake,
ilhali uzito hukaa katikati.
Sentimita moja na ushee.
Nilicheka peke yangu hadi nta ikanimwagikia kidoleni.

Basi tukaanza upya, mabembeo hamsini.
Thelathini na nne. Thelathini na tano.
Ghafla taa zikawaka zote,
mitambo ikanguruma chini ya mashuka,
redio ya jirani ikaanza katikati ya neno,
mtaa mzima ukapiga kelele: umerudi, umerudi!
Vazha akanyanyuka, Ketino akakimbilia birika.

Mwalimu hakugeuza hata shingo.
Alipuliza mshumaa, kwa kuwa mshumaa una bei,
macho yake yakibaki kwenye tufe.
"Thelathini na saba," akasema.
"Usipoteze hesabu."