Nilitazama Kucha

Mbuzi wawili wa Walungu wamekwisha kuuzwa,
fedha imefungwa fundo pindoni mwa kitenge changu.
Baba mdogo Ntakwinja amepiga hesabu daftarini,
minervali huku, nauli kule,
mstari wa katikati umepinda
maana kalamu anaishika kwa vidole viwili vilivyobaki.
Muhula mmoja, anasema. Tukijibana, na nusu.
Chagua vizuri, Nsimire.
Mbuzi aliyeuzwa haitiki akiitwa.

Kule Nguba shule ina lango la buluu,
ukutani gari jekundu la kuchorwa
ambalo halijaonja tope la Kadutu.
Ndani, injini imepasuliwa kama papai,
hapa njano, pale kijani,
kila kiungo na jina lake kwa mwandiko mzuri.
Nikauliza: huwaka?
Mkuu wa shule akatabasamu,
akafuta vumbi ambalo halikuwepo.
Ni ya kuonyeshea, binti.
Wanafunzi wa mwaka wa tatu wakapita.
Nilitazama kucha zao:
nyeupe pe, kama za makarani wa benki.

Shule nyingine sitaitaja.
Spana zao zimechorewa vivuli ukutani
ili kila moja ijue kwake.
Niliona kivuli cha namba kumi na saba,
nikaona cha kumi na tisa,
spana zenyewe sikuziona.
Funguo anazo mhasibu, na mhasibu yuko Uvira.
Wakaniuliza kama sipendi ushonaji.

Usiku ule usingizi ulinikataa.
Bukavu ni mji wa kupanda na kushuka,
hapa gari halisifiwi kwa mwendo,
husifiwa kwa kusimama.
Nikakumbuka Fuso ya baba mdogo,
matofali elfu, mvua ya Novemba,
mteremko,
na mguu wake unakanyaga, unakanyaga,
kama mtu anayekanyaga wingu.
Alikata usukani, akachagua ukuta,
kwa sababu chini kulikuwa na soko.
Fundi wake alikuwa na cheti.
Nimekiona, kina fremu na kioo.
Mahali pa mafuta ya breki
alikuwa ametia maji ya sabuni.

Panzi, nyuma ya tanuru la matofali, hakuna lango.
Bati linavuja.
Vijana kumi na mmoja wamejibanza
chini ya Land Cruiser moja isiyo na milango.
Fundi mkuu, Mama Bahizire, anatafuna muhindi wa kuchoma,
hana muda nami.
Akanipa nati iliyoshika kutu: fungua.
Nikaivuta kwa nguvu zote za ukoo wetu,
spana ikateleza, nikachubuka kidole.
Hakunipa pole.
Ipake mafuta, akasema, nenda kanywe maji, urudi.
Nikaenda, nikanywa, nikarudi.
Ikafunguka kwa sauti ndogo,
kama mtu anayekubali bila kupenda.

Na diploma? nikauliza.
Mtihani wa serikali mnaufanyia kwingine,
kwa watu wenye malango.
Mimi hata muhuri sina.

Jibu hilo halikunipendeza. Halinipendezi hata leo.
Siku moja mtu mwenye meza atanidai karatasi
na sijui nitamwambia nini.
Lakini nilikuwa nimeshainama chini ya lile gari,
nimezihesabu kucha, kumi na mmoja mara kumi,
nyeusi mpaka zilipokutana na nyama.
Nikafungua fundo.

Jumamosi ya kwanza nilirudi nyumbani giza limeingia.
Baba mdogo akauliza iko wapi karatasi ya shule,
hata risiti tu, aibandike daftarini.
Nikampa mkono.
Akaushika kwa vidole vyake viwili,
akausogeza kwenye taa, akaugeuza,
akaunusa taratibu, kidole baada ya kidole,
mama amesimama na mwiko, ugali unaungua.
Hii, akasema,
si sabuni.