Gauni la Ngazini

Asajile wa banda la nyimbo, pale juu ya stendi,
alinijazia flashi kwa elfu mbili
huku akinionea huruma:
"Mzee, hizi hazina rangi. Hazina hata mlipuko."
Nikamwambia, wewe jaza tu.

Tukuyu, Julai. Mvua haina haraka ya kwenda popote.
Ukungu umepanda mpaka barazani bila hodi,
jiko la mkaa tumelivuta miguuni,
dirisha wazi kidogo tusije tukafa kama kuku,
viazi vya kuchemsha sufuriani,
na juu ya kabati la vyombo, kwenye runinga,
Amerika ya zamani nayo inanyesha.

Mimi hupenda mambo ya pale stesheni:
mwanamume wa kofia, koti limelowa,
anatazama saa, anatazama mlango,
sigara inajivuta yenyewe hadi vidoleni.
Najua kuna neno anakuja kulisema.
Nimekaa mkao wa kulisikia tangu wiki iliyopita.

Lakini rimoti anashika Tupokigwe.
Mke wangu ni fundi cherehani, miaka ishirini na sita,
na hatazami picha kama watu wanavyotazama.
Mwanamke anaposhuka ngazi, machozi yamemjaa,
yeye, tap, anasimamisha.
Chozi linabaki katikati ya shavu.
"Ona bega hilo," anasema. "Halina mshono.
Wamekata mshazari. Kitambaa kimelala chenyewe
kama maji ya mlimani yanavyoijua njia."
Anasogea mpaka pua inagusa kioo,
anahesabu marinda kwa ncha ya chaki,
kumi na nne, kumi na tano,
anaandika nyuma ya risiti ya mbolea.
"Na mwanamume?" nauliza.
"Atasubiri. Wa zamani walikuwa wanasubiri."

Gauni ni la binti wa Mwasandube, anaagwa Agosti.
Alikuja na simu yake, mitindo mia ndani yake,
Tupokigwe akaizima, akamketisha hapa kwenye kochi,
akamwonyesha zile ngazi.
Binti alinyamaza. Kisha akauliza swali
lililotuharibia usingizi nyumba nzima:
"Mama, ni rangi gani?"

Mimi nilisema nyekundu; mtu halii vile akiwa ndani ya bluu.
Mwanangu Lugano, aliyesoma, akasema haijulikani,
kijivu kile kinaweza kuwa chochote.
Mama Ipyana, aliyekuja kuomba moto akakaa saa mbili,
alisema zambarau, zambarau ya kwaya, basi.
Tupokigwe hakusema. Alirudisha nyuma. Akarudisha tena.
Mara ya tisa mwanamke yule anashuka
na ngazi haziishi,
na kule stesheni treni bado inapiga honi
na neno langu bado liko kinywani mwa mtu.

Nimewahi kumwomba: siku moja tu, tuifikishe mwisho.
Akanijibu bila kuinua kichwa kwenye cherehani,
"Mwisho wa gauni ni pindo. Mengine ni yao."

Jana tulikaribia. Naapa tulikaribia.
Alikuwa amechoka, rimoti imemteleza mapajani,
mwanamume akavua kofia,
akafungua kinywa

umeme ukakatika, kilima kizima,
kuanzia Makandana mpaka bondeni.

Giza la Tukuyu si giza la kubahatisha.
Mvua ikasikika upya kwenye bati.
Makaa mawili matatu yakabaki yanatutazama.
Nilikuwa napapasa meza nikitafuta kiberiti
nilipomsikia, sauti ya mtu aliyeona:
"Kijani.
Kijani cha chai. Kile cha majani mawili na chipukizi,
asubuhi, kabla wachumaji hawajafika."

Sikubisha.
Kiberiti kilikuwa kimelowa.