Chupa ya Pili

Chupa ya kwanza naijaza juu ya bomba,
hatua arobaini, penye jiwe lenye umbo la kiti.
Chupa ya pili naijaza chini yake,
pale majani ya nduma yanaponenepa kupita kiasi.
Nazisuuza mara tatu kwa maji yale yale,
naandika kwa kalamu isiyofutika:
Mubale, juu. Mubale, chini.
Saa moja na robo asubuhi. Januari. Hakuna mvua.

Nazinyanyua zote mbili zikabiliane na jua.
Zimefanana kama wale pacha wa Shinyalu
ambao hata shangazi yao huwachanganya.
Haya. Hapo ndipo kazi yangu inapoanza.

Mtambo hauna kosa, Lisutsa anasema,
na kweli Lisutsa si mtu wa uongo:
miaka kumi na tisa anaengua povu mabwawani,
cheti chake kimetundikwa juu ya swichi.
Taka zimetuama, harufu imekatika,
vijidudu vimehesabiwa, vimepungua, fomu ina muhuri.
"Maji haya," anasema, "ningemwogeshea mjukuu."
Hajamwogesha.

Fomu ina visanduku kumi na kimoja.
Hakuna kisanduku cha kidonge.
Hakuna cha dawa ya kifafa,
cha kiuavijasumu alichokiacha mtu siku ya tatu, alipojisikia nafuu,
cha rangi ya nywele kutoka saluni saba za stendi,
cha sindano ya uzazi ambayo fulani hakumwambia mumewe.
Mji unameza, mji unakojoa, mji unasahau.
Kijito ni karani: kinaandika kila kitu
na hakina kabati la kufungia.

Mto mkubwa una kifua. Nzoia ukitemewa, hutawanya.
Lakini Mubale, kiangazi kama hiki
(nilipima kwa ndoo na saa ya mkononi),
katika ndoo kumi, saba zimetoka bombani.
Kwa hiyo tusiseme bomba linamwagikia kijito.
Ni kijito kinachodondokea ndani ya bomba.

Majibu ya maabara huja baada ya wiki sita.
Chupa ya kwanza: karibu hamna.
Chupa ya pili: orodha,
na kileleni mwa orodha, metformini.

Nilikaa na karatasi ile kwenye ngazi za posta.
Mama yangu anaishi Amalemba, nyumba ya pili kutoka kona.
Vidonge viwili kwa siku, kimoja na uji, kimoja na ugali,
na mwili hauivunji dawa hiyo,
unaikodi tu, kisha unairudisha ilivyo.
Mimi ndiye humnunulia. Risiti ninazo.
Ni nanogramu ngapi za mama yangu zimo chupani?
Hakuna mashine ya kumtenga mama na mji.

Na bado sitaki aache kumeza.

Chini ya bomba, Kageha anang'oa nduma,
maji yamemfika magotini.
"Daktari wa maji," huniita hivyo, ingawa si daktari, "ni safi?"
Vyura wamepungua, anasema,
au labda ni masikio yake yaliyozeeka.

Nikisema safi, nimeazima neno la fomu.
Nikisema sumu, Jumatano sokoni atarudi na gunia zima,
nami sina hakika ya sumu. Nina hakika ya tarakimu,
ndogo, zenye sifuri nyingi mbele,
kila siku, bila likizo, mwaka mzima.
Haba na haba, tulikaririshwa, hujaza kibaba.
Hakuna aliyetuambia kibaba cha nini.

"Bado napima," namjibu.
"Mwaka wa tatu huu unapima."
Ananirushia nduma moja, kubwa, ina matope.
"Basi pima na hii."

Nimeiweka katika kasha la barafu
kati ya juu na chini.
Sijaibandika jina.