Nta ya Wilmot

Mwaka ule mfalme alitimiza miaka kumi,
nami kumi, na pengo la jino la mbele.
Bibi akasema: "Basi nchi nzima
imekabidhiwa mtu wa rika lako,
na wewe hata banda la kuku husahau kulifunga."

Bibi yangu, Wilmot Harepath, alitunza nyuki wa kanisa,
mizinga saba ya majani yaliyosokotwa
nyuma ya ukuta wa makaburi, Holnacombe.
Nta yao ilikuwa na wenyewe:
ratili nne za Mtakatifu Sidwell,
moja ya Mama Maria,
na kipande, kidogo kama kidole,
cha babu, aliyekuwa bado toharani
"kwa sababu ya ulimi wake," alisema, "na deni la ng'ombe."

Tangazo lilisomwa Jumapili, mvua ikinyesha.
Mishumaa izimwe. Sanamu zishushwe.
Toharani haipo.
Watu wakatazamana kama walioambiwa
daraja walilovuka jana halikuwahi kujengwa.

Bibi alikwenda moja kwa moja mizingani,
akagonga kila mmoja kwa ufunguo
kama alivyogonga siku za msiba,
akawaambia.
Nyuki hawakujali. Walitoka, wakarudi,
miguu imejaa chavua ya maua ya maharagwe,
wakitengeneza mwanga usio na pa kuwaka.

Kisha wakaja mabwana watatu kutoka Exeter, na karani.
Wakapima fedha. Wakahesabu kengele.
Kile kikanisa cha pembeni
alimoombea wafu Padri Pascoe asubuhi kwa Kilatini,
na mchana akatufundisha herufi kwa fimbo,
kikafungwa, wafu na herufi pamoja.
Nadhani hakuna aliyemwambia mfalme
kwamba mlango ulikuwa mmoja.

Karani akaishiwa nta.
"Mama, hapa hamna nta?"
Ndivyo nta ya Sidwell ilivyoyeyushwa kijikoni,
ikatiwa rangi nyekundu,
ikadondoshwa juu ya orodha ya mali ya Sidwell.
Bibi alilipwa peni sita.
Alizitazama usiku kucha
kama mayai yasiyo ya kuku wake.

Lakini mapenzi yasinifanye niseme uongo.
Pentekoste ya mwaka wa pili yake
padri mzee hakuweza kukisoma kitabu kipya,
macho yake yamezoea giza la Kilatini.
Wakanisimamisha mimi, mwanafunzi wa shule iliyofungwa,
nikasoma sala ya Bwana kwa lugha ya jikoni kwetu.
Bibi akanishika mkono nje, akauminya.
"Miaka hamsini nimeisema.
Nilijua ni sala.
Sikujua ndani yake mna mkate."

Kiangazi hicho hicho wanaume wa magharibi
walishika miundu, wakitaka Kilatini chao kirudi.
Mjomba Digory alikwenda nao.
Kilichorudi ni kofia.

Peni sita zile bibi alizitia
katika sanduku jipya la maskini,
lililosimama palepale aliposimama Sidwell,
juu yake matundu mawili ya misumari.
"Angalau hili linakula," alisema, na mjane wa Digory
alikula humo majira mawili ya baridi.
Bado, usiku wa kofia ile,
nilinusa nta jikoni, nikajifanya nimelala.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, ndevu zikichungulia,
habari ilipofika: mfalme amekufa, kifua.
Mizinga ilikuwa imebaki mitano.
Bibi akachukua ufunguo, akagonga.
"Mtoto amekufa," aliwaambia.
Hakusema mfalme.
Akakaa kidogo, sikio kwenye majani,
kisha akageuka, akaniuliza
kama nimefunga banda la kuku.