Huu ni Moshi

Mama alirudi usiku na kipande cha mwamba
kirefu, mviringo, kama mchi,
akakiweka mezani kati ya samaki mkavu na siagi.
"Steinvör," baba akasema, "tunakula."
"Kuleni. Huu ni moshi."

Mwamba mweusi, vitundu tele kama mkate,
na ndani ya kila kitundu chembe nyeupe.
Nikaulamba.
Ulikuwa baridi, na chumvi ya kidole cha mama.

Miaka miwili waliichanganya hewa ya visima vya mvuke
na maji, kama soda, wakaisukuma chini ya kisiwa
huku wakijicheka.
Nchi ambayo fundi bomba ndiye golikipa
na golikipa ndiye mpiga kinanda kanisani,
itaufundisha nini ulimwengu?
Mkutanoni ng'ambo, bwana mmoja aliuliza
kama Aislandi kuna umeme.

Januari pampu ikaziba.
Waliivuta juu, theluji hadi kiunoni,
mama akitukana kwa heshima,
maana aliyeshika kamba alikuwa mchungaji.
Bomba lilikuwa limejaa mawe, mawe mapya.
Hasara, wakasema.
Kisha mmoja akanyamaza.
Kisha wote.

Husemwa penye moshi pana moto.
Mezani kwetu penye moshi palikuwa na jiwe,
na baba, baada ya kusogeza siagi,
alilifunika kwa kitambaa cha mkate
lisishikwe na baridi.