Mizani ya Shiro Meda

Saa moja asubuhi baridi ingali imekaa kitako barabarani.
Natandika kipande cha zulia, naweka mizani yangu,
ya bafuni, rangi ya waridi, pembe moja imemeguka.
Niliinunua kwa bibi mmoja aliyechoka kuambiwa ukweli.
Birr tano kupanda. Kushuka bure.

Ikiwa tupu, mshale husimama kwenye nusu kilo.
Nimeigonga, nimeipuliza, nimeilaza kifudifudi,
nusu kilo haitoki.
Basi huwa naitoa kichwani, kimyakimya,
kama mtu atoaye mbegu ulimini.
Mizani isiyo na vina hii, isiyo na kituo,
lakini Addis Ababa nzima imeshaikanyaga.

Wa kwanza ni Belachew, askari wa trafiki.
Anavua kofia. Anavua mkanda. Anavua buti,
soksi ina tundu la kidole gumba.
Anatazama kushoto, anatazama kulia,
anavua na filimbi.
Themanini na nane.
Anavaa vyote upya, anaenda kuyakaripia malori.

Wubit huja kila Jumanne.
Gauni la harusi limekwisha kushonwa,
aliyebaki kushonwa ni yeye.
Hutoa pumzi yote kabla ya kupanda,
kana kwamba pumzi ina mifupa.

Na Gebeyehu, aliyekuwa mpiga chapa,
kucha zake bado zina wino wa magazeti yaliyokufa.
Mwezi wa Meskerem, sitini na moja.
Tikimt, hamsini na saba.
Leo miwani ameisahau nyumbani,
au amesema ameisahau.
"Nisomee, kijana."
Mshale uko hamsini na mbili.
Hamsini na tano, nasema.
Ananipa noti ya kumi, hangoji chenji.
"Mizani yako ina adabu," anasema,
na anaondoka akishikilia ukuta.

Saa sita kasoro harufu inatangulia: mikaratusi.
Kisha miguu. Kisha kuni.
Uso huwa wa mwisho kufika, umeinamia lami.
Wanateremka kutoka Entoto, wanawake sita, saba,
kila mmoja kama kichaka kilichoamua kuhama.
Mzigo wa mwenzio, husema watu, ni kanda la usufi.
Mizani yangu haijawahi kuliona kanda hilo.

Leo mmoja amesimama. Etagegn.
Hanijui, nami namjua kwa visigino tu.
"Hicho chombo kinasema nini?"
Anapanda na kuni zake.
Mizani inalia, inayumba,
vijiti vinakwaruza ukuta huku, vinamtisha muuza shayiri kule.
Sabini na tisa.

Tunamtua, mimi na muuza shayiri.
Kamba imemchora begani mstari, kama wa daftari.
Anapanda tena, peke yake,
taratibu, kama aingiaye nyumba ya watu.
Thelathini na tisa.

"Na kuni?"
"Arobaini."

Ananyamaza. Kicheko kinamtoka,
kikavu, cha kupasuka.
"Kumbe siku zote hizi zinanibeba zenyewe!
Mkubwa ndiye hubeba mdogo, sivyo?"
Muuza shayiri anacheka hadi bakuli linamwagika.
Mimi natafuta kitambaa cha kupangusia kioo
ambacho hakijachafuka.

Tunamtwika. Hela hana.
Anavunja kijiti chenye majani matatu, anaweka juu ya zulia,
anashika njia ya kuelekea Sidist Kilo.

Ameshapita mataa ndipo naikumbuka nusu kilo.
Sikuitoa.
Nasimama, naita: "Etagegn! Thelathini na nane na nusu!"
Lori linapiga honi, filimbi ya Belachew inalijibu,
na kuni zinakata kona
bila kugeuka.