Daftari la Uzazi, Kapulwe

Jina langu Mujinga. Wewe uliyetoka mashariki,
cheka kwanza, maliza.
Kwetu ni mtoto aliyekuja na kitovu shingoni,
si mtu asiyejua kitu.
Mimi najua hili daftari.

Nililipokea mikononi mwa mama Chishimba
limefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Kurasa za mwanzo: Mumba, Chola, Kalaba, Mwape, Mumba tena.
Kwenye safu ya kabila aliandika Lamba mara moja, juu,
kisha alama za kurudia
zikashuka kama siafu hadi chini ya ukurasa.
Wakati huo msitu ulianzia nyuma ya choo.

Wachoma makala wakaja na shoka na wake wenye mimba.
Ilunga, Monga, Banza.
Siafu wakakatika njia.
Barabara ya Kasenga ikabeba viroba kwenda Lubumbashi
ikarudi na watu wengine,
Ngalula na Kapinga, wenye mashine za kushona,
wenye kusema bei kwa sauti.

Kuna kurasa nne sizifungui mbele ya mgeni.
Ni mwaka wa treni.
Mtu alipiga mstari juu ya majina ya Kasai, kwa rula,
taratibu, kama anayepanga mbegu.
Sijui ni nani. Stilo ni ya bluu, kama yangu.

Wengine walirudi. Hawakusema walipokuwa.
Waliuliza tu kama kisima bado kina maji.

Halafu Nabintu, kutoka upande wa Bukavu,
na mtoto mgongoni na mwingine njiani;
yeye ndiye aliyecheka jina langu hadi uchungu ukamkatiza.

Uchungu wa kwanza kila mmoja humwita mama kwao:
Mayo! Lolo! Mamu! Mawe!
Nimejifunza kujua kabila kwa sikio, gizani, taa ya mafuta ikizimika.
Lakini ule wa mwisho,
kichwa kikishafika mlangoni,
hauna neno. Ule siwezi kuuandikia safu.

Siku hizi watu wa mjini wananunua hekta.
Hao hawazai hapa. Wanazaa ukuta.
Wajukuu wa mama Chishimba waliuza, wakapanda lori;
mwaka jana nimeandika Mumba mmoja tu,
na baba yake ni fundi kutoka Likasi.

Juzi, pacha.
Baba ni Umba, Mluba wa huku.
Mama ni Ngalula mdogo; jina la mama yake
liko kwenye zile kurasa nne, chini ya mstari.
Wa kwanza hawakumgombea sana. Kyungu, basi, Kyungu.
Wa pili wakamshindania kwa herufi.
"Andika Kabanga," mama akasema, bado anatetemeka.
"Haiko *a*," baba akasema mlangoni. "Njo *e*. Kabange."
Bibi upande huu, bibi upande ule,
bukari ikapoa kwenye sahani.
Nilifikiria rula.
Nilifikiria jinsi mstari mrefu unavyoweza kuanza
na kitu kidogo kama mkia wa herufi.

Nikaandika polepole,
tumbo la *a*, mdomo wa *e*,
kila bibi akainama, akasoma ya kwake, akanyamaza.

Leo asubuhi amekuja kijana wa takwimu na pikipiki,
viatu vimejaa vumbi jekundu.
Anataka hesabu: Lamba wangapi, Luba wangapi,
wa Kasai wangapi, wageni wangapi.
Anapitisha kidole, anasimama.
"Mama Mujinga, hii herufi ni gani?"

Ni ya wa pili, nikamwambia.
Alizaliwa na gramu elfu mbili na mia moja.
Ananyonya vizuri.